Bibi Afande Hasemi Kitu

Mtaani kwetu Magomeni, hii ya huku kusini kwenye korosho, kuna mtu mmoja tu anayejua hospitali ya vitani inanukaje. Anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, ana bustani ya mchicha iliyonyooka kama gwaride, na ukimuuliza chochote kuhusu kule anakuuliza kama umenawa mikono. Tunamwita Bibi Afande. Alikuwa muuguzi jeshini, akapelekwa na kikosi cha kulinda amani kwenye nchi ya watu, akakaa mwaka mzima na ushee katika hospitali ya mahema, akarudi, akastaafu. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayajua, na hata hayo tuliyapata kwa mama, si kwake.

Namwandika kwa sababu ya kaka. Kaka yangu naye ni muuguzi wa jeshi, na tangu mikorosho ilipoanza kutoa maua yuko kule, au kwingine kunakofanana na kule. Alikuwa anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Tukimpigia sisi, yule dada wa mtandao anatuambia namba haipatikani, kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. Mama akaanza kumtazama Bibi Afande kama wakulima wanavyotazama mawingu, akitafuta dalili. Bibi Afande hasemi kitu. Kwa hiyo siku zile nami nilimtazama, kuliko nilivyowahi kuitazama hesabu ubaoni.

Ni mfupi. Nalisema hili mapema kwa sababu ukimsikia kabla ya kumwona utategemea mtu wa kugusa dari. Anatembea kama aliyeitwa. Hata akienda dukani kununua kiberiti unaweza kudhani kuna mtu anakata roho kaunta. Kitanda chake kimetandikwa kiasi kwamba ukidondosha korosho juu yake inadunda, nimejaribu. Watoto wote wa mtaa wakipita getini kwake wananyoosha vidole bila kuambiwa, yeye anatazama kucha, anasema "pita" au "rudi". Mimi niko kidato cha tatu, nina nywele za kwapa na maoni, na bado nanyoosha vidole.

Ananiita Redio Mbao. Anasema habari ikiingia kwangu asubuhi, mpaka adhuhuri imeshafika bandarini. Sikuwahi kukasirika, maana ni kweli.

Siku ya kwanza kabisa kunipa jina hilo ilikuwa siku ya mtihani wa fizikia. Nilikuwa sijasoma, nikaona njia ya heshima ni kuzimia. Nilizimia vizuri sana, mlangoni, nikaangukia upande wenye mkeka. Mama akapiga ukunga, Bibi Afande akaja na mwendo wake wa kuitwa. Sikumwona kwa sababu nilikuwa nimezimia, ila nilisikia amenishika mkono, akaunyanyua juu ya uso wangu, akauachia. Mkono ukashuka kwa adabu pembeni ya sikio.

"Mkono wa aliyezimia kweli unampiga mwenyewe usoni," akamwambia mama. "Huu wa Redio umemkwepa. Mpe uji aende shule."

Nilikwenda. Nilipata kumi na nne kwa mia. Baadaye nikamuuliza hiyo ya mkono alijifunza chuo gani, akasema hakujifunza chuoni, alijifunza kwa vijana waliokuwa hawataki kurudishwa mstari wa mbele. Kisha akaniuliza kama nimenawa.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabu yake. Maneno yanamtoka kama dawa ya matone. Unabaki umeshika tone moja, hujui la kulifanyia.

Kitu ambacho hakuweza kukificha ni kupanga watu. Kule, majeruhi wakiletwa wengi kwa mpigo, wauguzi huwafunga utepe wa rangi: kijani ni wa kusubiri, njano wa kuangaliwa, nyekundu wa sasa hivi, na mweusi ni yule ambaye unampita. Hili kaka ndiye aliyenieleza. Bibi Afande hana tepe siku hizi, lakini macho yake bado yanazifunga. Kwenye harusi utamwona anatembeza macho kwenye viti, anasimama kwa bibi mmoja aliyekaa kimya pembeni, anaenda kumpa maji. Pale njia panda ya shule yetu, bodaboda iliyobeba wanafunzi wawili iligongana na mkokoteni wa nazi. Mmoja alikuwa chini anapiga kelele mpaka mbwa wanaitikia, na mtaa wote ulikuwa umemzunguka, mimi nikiwa mstari wa mbele. Bibi Afande alitupita. Alimpita na mpiga kelele. Akaenda kwa yule wa pili, aliyekaa ukutani anafuta vumbi kwenye daftari, anasema yeye hana neno. Akamlaza chini, akamgusa tumbo, akasema huyu aende hospitali sasa hivi. Alikuwa anavujia damu ndani. Yule wa kelele alikuwa amechubuka goti.

"Anayelia ana pumzi," alisema tu, akaenda kununua alichokuwa anakwenda kununua.

Sasa fikiria mama, ambaye mwanawe ndiye aliyenyamaza, anakaa nyumba ya pili kutoka kwa mtu mwenye msemo kama huo.

Na ile helikopta. Zinapita, zinakwenda upande wa Mnazi Bay kwenye mambo ya gesi, sisi hata hatunyanyui vichwa. Bibi Afande akiisikia, chochote alichoshika anakiweka chini. Anakunja mikono ya gauni. Anabandika maji jikoni, sufuria kubwa, kisha ananawa mpaka kwenye viwiko, polepole, na anasimama mlangoni mikono ikichuruzika, anangoja. Sauti ikipotea upande wa bahari, analizima jiko. Ukimkuta wakati huo usimsalimie. Niliwahi kumsalimia, akaniuliza wangapi.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Kwenye karata anaiba, na anaiba vibaya, jike la shupaza linamtoka kwenye soksi mbele ya watu na anaapa kwamba ulikuwa upepo. Siku ya Jumapili yuko kanisani safu ya mbele, lakini ukija mwezi wa Ramadhani ndiye polisi wa mtaa: alinikamata nyuma ya choo cha jirani na andazi, mimi Mwislamu niliyefunga, akalitaifisha, na magharibi akalileta nyumbani kwenye kisahani, akamwambia mama hili ni la Redio, lilipotea. Halafu, na hili nisamehewe, anaogopa sindano. Yeye. Aliyechoma maelfu ya watu. Alipougua malaria nilimsindikiza zahanati, na nesi msichana alipotoa sindano, Bibi Afande akanishika vidole nikaona nyota mchana. Akamwambia yule msichana kwamba anabadili mawazo, atakunywa vidonge, na kwamba yeye ni afande. Msichana akamwambia afande ageuke.

Kaka alimpenda tangu yuko darasa la saba. Alikuwa anakwenda kwake kila jioni, naye Bibi Afande anamfundisha kuchoma sindano kwenye chungwa. Anamwambia chungwa lina ngozi kama mtu, likilia umelichoma vibaya. Tulikula machungwa yaliyojaa matundu miaka miwili. Kaka alipoingia jeshi na kusomea uuguzi, mama akampandisha cheo mwenyewe, akawa anasema "daktari wangu". Daktari wangu kapiga simu, daktari wangu kanitumia kitenge. Kaka akamrekebisha mara mbili tatu, mama akasema muuguzi ni daktari anayefanya kazi. Mtaa mzima ukawa unamwita daktari. Siku anaondoka kwenda kule, watu walijaa uani, wakamwombea dua, na Bibi Afande alikuja mwisho, akamvuta pembeni ya tanki la maji, wakasema maneno mafupi. Mimi nilikuwa nyuma ya tanki, lakini maji yalikuwa yanaingia, sikusikia kitu. Inaniuma mpaka leo.

Basi. Ijumaa ya pili ilipopita bila simu, mama alikwenda kwa Bibi Afande, nikamfuata. Alimuuliza mambo yote kwa mpigo: kule mtandao ukoje, wakihamishwa huwa wanaambiwa, mtu akiumia habari inakuja kwa nani kwanza, kambini au nyumbani. Bibi Afande alikuwa anachambua mchele. Akasema mtu akiumia habari inakuja kambini na kambi inakuja nyumbani, na wanakuja wawili, hawapigi simu. Akauliza kama wamekuja. Mama akasema hapana. "Basi hawajaja," akasema, akaendelea na mchele.

Mama alirudi nyumbani amekasirika mpaka ushungi unatetemeka. Akasema ule si moyo, ni jiwe la kusagia. Tangu siku hiyo kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilikuwa na watu wawili. Alikuwa anahesabu vichwa dirishani. Akaacha kupika, nikapika mimi, na hilo lenyewe lilikuwa janga. Baba alikuwa shambani Mahurunga na korosho zake, akawa anapiga simu asubuhi na jioni, hasemi chochote, anauliza kama mvua imenyesha.

Jumatano, baada ya alasiri, nilikwenda kurudisha chungio la Bibi Afande. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, hayupo, nikapita mpaka nyuma. Inabidi ujue kwamba sikio lake moja halifanyi kazi. Anasema ni jenereta la kule, lilikuwa linakaa karibu na kitanda chake. Kwa hiyo simu zake zote anazisikiliza kwa spika, ameiweka juu ya kinu, na yeye anainamia kama anatwanga. Nilifika kwenye kona ya jiko nikasikia sauti ya mwanaume ikisema, "Afande, ulifanyaje mpaka mikono ikatulia?"

Nilikuwa nimeshika chungio. Nadhani bado lina alama za vidole vyangu.

Alikuwa kaka. Mzima, anapumua, anaongea, na anaongea na mtu mwingine. Akasema mikono inatetemeka, hawezi kupata mshipa hata wa mtu mwenye mishipa kama kamba. Akasema siku sita sasa hajaingia kwenye hema la wagonjwa, amemwomba mkuu wa zamu, na mkuu amempeleka kufua mashuka. Akasema vijana wengine wanamwita dobi. Bibi Afande hakusema pole. Aliuliza amekula nini. Kaka akasema wali. Akauliza ameumaliza. Kaka akasema ameuonja tu. "Kesho maliza nusu," akamwambia, "halafu unipigie uniambie."

Aliponiona alizima simu bila kuaga. Tulitazamana. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mtu mzima, na sitayarudia hapa kwa sababu mama atasoma. La msingi lilikuwa: mama anakufa kule, na wewe unachambua mchele. Alinisubiri nimalize. Kisha akageuza kinu, akanionyesha nikae, na akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia tangu nizaliwe.

Akasema waliletewa majeruhi wengi asubuhi moja. Kulikuwa na kijana, mguu unamwaga damu, yeye Bibi Afande akaufunga mkanda wa kuzuia damu juu ya goti. Ukifunga mkanda huo ni lazima uandike saa uliyofunga, kwenye paji la uso, kwa kalamu nene, ili daktari ajue mguu umekaa muda gani bila damu. Ukikaa sana umekufa, unakatwa, usije ukamuua mwenyewe. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi.

"Nikaandika mbili na kumi," alisema. "Kama ambavyo angeandika mama yako. Miaka ishirini nimefundishwa saa za jeshi, Redio. Siku hiyo mkono uliandika za nyumbani."

Daktari wa upasuaji alikuwa wa nchi nyingine. Kwao mbili na kumi ni usiku wa manane. Alihesabu, akapata mguu umefungwa saa saba nzima, akaukata. Ulikuwa umefungwa kwa saa moja tu. Bibi Afande alikuwa nje ya hema, anafunga mwingine. Alipoingia, kijana ana 2:10 usoni na hana mguu.

Wiki tatu hakupiga simu nyumbani kwao. Mtandao ulikuwepo. Ila mama yake angemuuliza habari za kazi, na mtoto akiulizwa habari za kazi anasema nzuri. "Ukisema nzuri mara ya kwanza unaumia," akasema. "Mara ya tatu huumii tena, na hapo ndipo pabaya." Mimi nikamuuliza alimwambia nani. Akasema, wewe wa kwanza. Ndiyo maana siku ile kwenye tanki alimpa kaka maneno yale mafupi: siku ukishindwa kumwambia mama yako hujambo, nipigie mimi.

Akaniomba nisiseme. Hakuniamuru, aliniomba, na hilo lilinitisha zaidi. Mama akijua atataka apigiwe, alisema, na akipigiwa atamwita daktari wangu, na kijana atasema nzuri.

Nilikaa na siri hiyo siku mbili. Kwangu mimi ni rekodi ya mkoa. Usiku nilikuwa nauma mto. Nilikuwa na furaha mpaka nataka kuruka, na kila nikimtazama mama naona mwizi, na mwizi ni mimi. Alhamisi nilimpikia pilau ikaungua, hata hakuona kwamba imeungua. Ijumaa asubuhi wanawake wa mtaa wakaanza kuja na sukari. Hakuna aliyesema ni ya nini. Walikaa, wakashika tasbihi, wakaulizana habari za maji. Walipoondoka, mama akaniita chumbani, akaniambia nimtafutie picha ya kaka, moja iliyotulia, ambayo hacheki.

Nikamwambia.

Nilingoja kofi. Mama alikaa kitandani, akauliza mara mbili kama ni sauti yake kweli, nisije nikawa nafanya mzaha wangu. Nikaapa. Akauliza amesema nini, nikamwambia yote, na mikono, na mashuka, na dobi. Sijawahi kumwona mama akimaliza kusikiliza jambo bila kulikatiza. Kisha akajifunga ushungi, akatoka, nami nyuma, nikijua kwamba pale nyumba ya pili panakwenda kuuawa mtu, ama Bibi Afande ama mimi.

Bibi Afande alikuwa mlangoni. Alimtazama mama, akanitazama mimi, na nikaona ananifunga utepe, sijui rangi gani. Mama hakutukana. Alisema, "Anapiga saa ngapi?"

"Alasiri ikipita kidogo. Mama, sikiliza. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini husemi kitu. Akijua upo hatapiga tena, na hapa kwangu ndipo pekee palipobaki pa yeye kusema."

Mama akakubali. Mama yangu, anayemsahihisha imamu wa kwenye kipaza sauti akiwa jikoni kwake. Tulikaa uani kwenye jamvi, simu juu ya kinu. Jirani alikuwa anakaanga korosho, moshi unatuwasha macho, na kila mtu akawa na sababu ya kufuta macho. Simu ilipoita, mama alishika upindo wa kanga akauingiza mdomoni, akauma.

Kaka alisema amekula nusu. Bibi Afande akasema vema. Kaka akasema jana usiku waliletwa kumi na mmoja, alisikia gari kutoka kule anakofulia, na miguu yake ikakataa. Alisimama na shuka mkononi mpaka maji yakapoa. Akasema, "Afande, nilikuwa nayafua, damu inasambaa tu, inakuwa kahawia, haitoki. Nikawa nadhani siku nitakayoweza kulitakatisha shuka moja, nitaweza kuingia. Sasa mashuka yenyewe..."

Sauti ikamtoka mama. Haikuwa neno, ilikuwa kama mtu aliyekanyagwa.

Kisha kaka, polepole: "Afande, kuna mtu hapo?"

Bibi Afande alifungua mdomo. Mwanamke yule aliyempita mpiga kelele bila kugeuka, aliyejua wa kumgusa na wa kumwacha, alibaki mdomo wazi, anatazama simu, anamtazama mama.

Mama akatoa kanga mdomoni.

"Ni mimi," akasema. "Ulikuwa kwenye mashuka. Endelea."

Upande wa pili yalisikika maji yakimiminwa kwenye kitu cha bati, na mtu anaita kwa lugha nisiyoijua. Nilijua amekata. Nilikuwa nimeshaanza kujichukia kwa maisha yangu yote yaliyobaki.

"Hayatakati, mama," kaka akasema, na ilikuwa sauti yake ya utotoni.

"Unafua kwa maji gani?"

"Ya moto. Tunachemsha."

"Ndiyo unaipika hiyo damu. Nani kakufundisha? Loweka kwanza kwenye ya baridi, utie chumvi, uyaache mpaka ulegee huo ukahawia, ndipo usugue. Usianze katikati, anza pembeni." Alisema hivyo huku machozi yanamshuka mpaka shingoni, lakini sauti haikuyumba. "Una chumvi huko?"

"Ipo jikoni."

"Kaombe. Nakungoja hapa hapa."

Tulisikia viatu vyake vikienda. Bibi Afande akaisukuma simu mpaka mbele ya mama, akainuka, na nilipogeuka nilimwona amekaa kizingitini, ametuelekezea lile sikio bovu, mikono mitupu magotini.